Msumari wa Lamtu

Kule Semartola hakuna tena anayetukana asubuhi.

Ukifika leo, kama utapewa ruhusa ya kufika, utakuta nyasi za kiunoni mahali palipokuwa na nyumba zetu, na paa wa madoadoa wamejilaza kwenye uwanja tuliokuwa tukipuria nafaka. Kuta zetu zilikuwa za udongo, na mvua haikuhitaji kubembelezwa ili izirudishe udongoni. Miti ya mahua, ambayo kila mmoja ulikuwa na ukoo wake na ugomvi wake, bado inadondosha maua, na dubu wanayala na kulewa bila kuchangia hata chungu cha kupikia pombe. Hayo yote nimeyazoea. Nisichokizoea ni kimya cha alfajiri upande wa magharibi, pale msitu unapoteremka kwenda korongoni. Hapo ndipo Lamtu aliposimama kila siku, akanyanyua nguo yake ya kiunoni, akakojoa, na huku anakojoa akamtukana chui milia.

"We mdogo wangu," alianza, maana sisi Wabaiga, watu wa msituni, tunahesabu kwamba chui milia ni mdogo wetu wa tumbo moja, na mdogo mtu hutukanwa bila kuombwa radhi. "We paka uliyekuzwa na njaa. Mama alikuzaa na mistari kwa sababu alishindwa kuamua akupake rangi gani. Baki huko huko uliko. Ukivuka hapa nitakung'oa masharubu nimpe mke wangu afagilie jikoni."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliotawanyika. Akina mama walikoroga uji kwa kuifuata sauti hiyo, na ilipokoma walijua uji umeiva.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Chui milia hakuwepo. Wa mwisho katika msitu wetu alionekana mama yangu akiwa hajaolewa. Kwa hiyo Lamtu alikuwa anautukana msitu mtupu, msitu haujibu, na yeye ule ukimya akauchukua kuwa ni utii.

Kazi yake ilikuwa kufunga. Kila mwaka kabla ya mvua alichukua misumari iliyofuliwa na Waagaria, wahunzi wa kijiji cha chini, maana msumari wa dukani, alisema, unashika mbao tu. Aliuzunguka mpaka wa kijiji kwa miguu, akagonga msumari kwenye mti wa saja katika kila pembe, na katika kila pembe akamimina pombe ya mahua kwa ajili ya Bagh Dev, mungu wa chui milia, ambaye nyumba yake ilikuwa jiwe lililopakwa rangi nyekundu kando ya korongo. Utaratibu wa kumimina ulikuwa tone moja kwa mungu na funda moja kwa mtumishi wake. Walipofika pembe ya mwisho, mungu alikuwa amelowa ulimi kidogo na mtumishi anashikwa kwapa na watu wawili. Msumari wa mwisho ukishaingia, duara limefungwa, na hakuna chui milia wa kulivuka. Baada ya hapo kila nyumba ilimpa kuku.

Dhansai, kaka wa mke wake, hakuacha kumchokoza kwa hao kuku.

"Shemeji, mwaka hadi mwaka unafunga mlango ambao hakuna anayeubisha."

"Na unadhani kwa nini haubishwi?" Lamtu alimjibu, huku akichokonoa meno.

Ukilitafakari jibu hilo, halina pa kushikwa. Tukaendelea kutoa kuku.

Lamtu hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Alikuwa mfupi, goti moja bovu, masikio yamesimama kama ya mtu anayetarajia kuitwa. Alilima kiasi cha kutofokewa na mkewe, akaokota maua ya mahua kwa bidii zaidi kidogo. Bila kufunga, angekuwa mzee mwingine tu wa Semartola, na Semartola ilikuwa na wazee wa kutosha.

Halafu serikali ikaamua kwamba msitu wetu, ambao tangu zamani ulikuwa pori la akiba, wenye nyati mwitu, dubu, tausi na sisi wenyewe ndani yake, sasa uwe hifadhi ya chui milia. Aliyeletwa kutueleza ni afisa misitu mmoja, Bwana Awasthi, mwembamba, mwenye vidonda vya tumbo, ambaye chai yetu aliishika mkononi mpaka ikapoa kisha akaiacha. Tulikaa kwenye baraza ya shule. Pembeni yake alisimama Komal Parteti, askari wa misitu. Komal ni Mgondi wa bonde la chini, na ukoo wake tangu enzi ya mababu haukupanda mbegu wala kumzika mtu bila Mbaiga kuwaombea, kwa hiyo alimwita Lamtu babu hata akiwa amevaa sare.

"Tunapandishwa daraja," Awasthi alisema.

"Sisi?" Dhansai akauliza.

"Msitu."

"Na sisi?"

"Ninyi mtahamia karibu na barabara. Kuna nyumba za matofali. Ni kwa hiari yenu kabisa."

"Na tusipokuwa na hiari?"

"Tutakuja tena kuwaelimisha."

Titri, mke wa Lamtu, mwanamke mwenye chale za wino kuanzia vifundoni hadi shingoni, aliinua kidole kama mtoto wa shule. "Bwana mkubwa, huyo chui milia mwenyewe yuko wapi?"

"Analetwa, mama. Kutoka msitu mwingine. Kwa lori."

"Yaani yeye atashuka kwenye lori, na sisi tutapanda hilo hilo."

Awasthi aliitazama chai yake. "Si hilo hilo," alisema.

Wa kwanza kuletwa alikuwa dume. Alishuka, akanusa, akaondoka. Wakampata mbali, kwenye shamba la miwa la mtu, amenenepa. Wa pili naye alikaa kidogo, akavuka reli, akaonekana nyuma ya soko la mji fulani akiwatazama mbuzi. Lamtu hakulala kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kufunga, chui milia wa kweli walifika kwenye msitu wake, na wote wawili waliondoka. Alipita nyumba kwa nyumba akijifanya anaazima chumvi.

Ndipo Komal akatuletea siri ya ofisini, maana Mgondi hana namna ya kumficha jambo Mbaiga wake. Analetwa wa tatu, jike. Akikaa mpaka mvua ziishe, hifadhi itatangazwa na Semartola itahama. Asipokaa, wakubwa wamechoka, mpango mzima utapelekwa kwenye msitu mwingine, wenye watu wengine wa kuelimishwa.

Tulimgeukia Lamtu wote kwa pamoja.

"Basi hakai," alisema.

Sijawahi kumwona mtu aliyefurahishwa na balaa kiasi kile. Alishuka mwenyewe kwa Waagaria akasimama juu ya vichwa vyao mpaka wakamfulia misumari minene. Aliacha pombe, jambo lililomtia Titri hofu kuliko habari za kuhamishwa. Asubuhi matusi yake yalikuwa mapya, yametungwa kwa uangalifu, na sasa yalimwendea jike: alimwita shemeji mtu, akamtaja mama mkwe wake, akamwambia anayetangatanga kwa malori hana kwao. Nilipomsikiliza niliona anazungumza na mtu, siyo tena na miti. Kulikuwa na unyenyekevu fulani chini ya yale matusi, kama wa mtu aliyeandika barua nyingi kwenda nyumba tupu, na ghafla akaona moshi jikoni.

Siku ya kufunga kijiji kizima kilitoka. Kabla ya msumari wa mwisho, sheria inataka wanaume wapige madebe kuanzia ndani kwenda nje, ili chochote kilichomo kitoke kabla mlango haujafungwa. Walipaswa kuanzia kwa Bagh Dev. Lakini nyuma ya jiwe la Bagh Dev, kushuka hadi korongoni, kulikuwa kumeota kichaka cha miba ambacho hata mbuzi walikikwepa, na mwaka huo kila mwanaume alikuwa amevaa shati lake zuri. Wakaanzia shuleni. Walipiga madebe kwa nguvu sana, kama watu wanaojua kwamba wameruka sehemu.

Komal alifuata nyuma na antena yake, maana yule jike alikuwa ameshashushwa msituni, amevishwa mkanda wa shingoni unaotoa ishara, na kazi ya Komal ilikuwa kujua aliko. Antena ilifanana na mwavuli ulioliwa nguo yake na panya.

"Babu," Komal alisema kwenye pembe ya kwanza. "Kabla hujaanza—"

"Nyamaza, Komal. Kazi inaendelea."

"Ni kwamba huyu mama yuko—"

"Mimi ni mkubwa wake. Nitauuliza mwavuli mbovu habari za ndugu yangu?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Komal alijaribu tena kwenye pembe ya tatu, na Dhansai akamwambia akautafutie huo mwavuli nguo. Akanyamaza. Pombe ikarudi mahali pake: tone kwa mungu, funda kwa mtumishi, na siku hiyo mafunda yalikuwa marefu, kwa kuwa mtumishi alikuwa na kiu ya siku nyingi. Pembe ya mwisho ilikuwa mti wa saja ulioinamia korongo. Lamtu alifika hapo akiwa amebebwa zaidi kuliko anavyotembea. Aliinua nyundo, akagonga vizuri, lazima niseme ukweli, kila pigo lilitua katikati. Akasema maneno yake. Akakaa chini.

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Jua lilikuwa bado lipo juu ya kilima. Na kutoka korongoni, upande wetu, ndani ya duara, chini kabisa ya kile kichaka ambacho hatukutaka kuchania mashati, akanguruma.

Nilikuwa nimesikia juu ya sauti hiyo kwa bibi zangu, nikadhani wanatia chumvi. Haiji kutoka mahali. Inapanda kwenye nyayo, inapita kifuani kama mtu aliyezoea nyumba, inatoka. Ilipotoka, hakuna aliyekuwa na umri wowote. Wazee wote na watoto wote tulikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa nyama.

Komal alikohoa. "Ndiyo nilitaka kusema. Yuko hapo tangu jana."

Dhansai akamgeukia Lamtu.

"Hongera, shemeji," alisema. "Umemfunga."

"Nimemfunga," Lamtu alijibu kutoka chini.

"Ndani."

Jike akakaa. Wenzake walipita kama wageni wa harusi waliokosea nyumba, huyu alikaa kama mama mwenye nyumba. Korongo lilikuwa na maji na kivuli, na nguruwe pori wa kutosha, waliotumalizia mashamba miaka yote. Alikula nguruwe, na hakuna aliyelalamika. Alikula dume la ng'ombe la Dhansai, na Dhansai akalalamika mpaka kwenye baraza ya shule. Mvua zikaanza. Komal alikuja na antena yake asubuhi na jioni, akageuza huku na huku, na kila mara mwavuli ulielekea pale pale.

Basi watu wakamwambia Lamtu kilichobaki: aung'oe ule msumari wa mwisho, afungue duara, mgeni aende zake kabla mvua hazijaisha. Mkono uliogonga ndio unaong'oa, hapakuwa na mwingine wa kutumwa.

Habari ikamfikia Awasthi. Alikuja peke yake, bila Komal, na nazi moja na chupa ya pombe ya dukani iliyoviringishwa gazeti. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nyumbani kwetu, na kuta za Semartola hazikuwahi kuzuia sauti.

"Mzee, mimi ni mtu wa sayansi," alianza.

"Naona."

"Siamini mambo ya misumari."

"Vizuri."

"Lakini nasikia wanataka uung'oe."

"Wanataka."

"Usiung'oe."

Lamtu alifikiri. "Bwana mkubwa, kama huuamini, ukiwepo au usiwepo si mamoja kwako?"

"Wawili wamenikimbia," Awasthi alisema, na sauti yake haikuwa ya ofisini tena. "Huyu naye akikimbia, wananihamishia kule mpakani, ambako chakula ni pilipili tupu. Tumbo langu litaniua. Sikuombi uamini. Nakuomba uuache mahali ulipo."

Kutoka ndani Titri akasema, "Mwambie huyo bwana anywe uji mwepesi wa nafaka ya kodo, asubuhi, bila chumvi."

Awasthi akamuuliza ni vipimo gani. Akamweleza. Nazi ilikwenda kupasuliwa kwa Bagh Dev, na mpasuaji alikuwa Awasthi mwenyewe, alipodhani hakuna anayemwona. Chupa Lamtu aliimaliza na Dhansai. Hakuahidi mtu kitu.

Siku ya kung'oa tulimsindikiza mpaka kwenye jiwe la Bagh Dev, tukasimama hapo. Mvua ilikuwa imepumzika. Lamtu alishika koleo la mhunzi kwa mikono miwili, akashika njia ya kando ya kile kichaka cha miba, goti lake bovu likimvuta upande, na majani yakamfunika. Tulisubiri tusikie matusi. Hatukusikia. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuogopa, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya kitu ambacho sikuwa na jina lake.

Alirudi akiwa mzima.

"Haukutoka," alisema.

"Hukuvuta," Dhansai akamwambia.

"Nimevuta mpaka mgongo umelia. Ni chuma cha Waagaria. Niliugonga vizuri mno."

"Rudi uvute tena, mlevi mkubwa we."

"Hautoki, Dhansai. Hata urudi na tembo. Nimemfunga mno."

Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumkosea mtu heshima, alimwita mbwa aliyenaswa kwenye mtego wake mwenyewe. Wengine walimwita mabaya zaidi. Akina mama walilia hapo hapo, mbele ya jiwe. Lamtu alisimama akipokea yote, koleo likining'inia, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho siku ile nilikiita kiburi na nikamchukia kwacho.

Mvua zilipoisha tulitoa hiari yetu. Malori yakaja. Titri, kabla ya kupakia vyungu vyake, alipanda la kwanza akainama kukagua sakafu ya mbao, akapitisha vidole taratibu kama anayesoma. Akamwita Awasthi, akamwonyesha. Alama za kucha zilikuwepo, ndefu, safi. Awasthi alisema serikali haina malori mengi.

Sasa tuko kando ya barabara, na hadithi hii ingeishia hapo kama Titri angekuwa mtu wa kuficha nguo chafu. Alinieleza mchana mmoja tukichambua mchele, bila kushusha sauti, huku mume wake akikoroma upande wa pili wa ukuta wa matofali.

Siku ile ile ya koleo, alipokuwa anafua ile nguo ya kiunoni, kitu kizito kiliangukia kwenye beseni. Msumari.

"Nikamwambia, Baba Sukarti, hiki ni nini? Akakaa kitako akaniambia. Ulitoka kama jino la mtoto. Na yule mama mwenye milia alikuwa chini korongoni, amekaa ndani ya maji mpaka shingoni, anamtazama. Akamwonyesha msumari. Akamwambia, haya, nimefungua, nenda. Yule akajikuna sikio. Akamwambia tena, nenda, nakuomba. Aliomba, unasikia? Huyu wa matusi. Yule akaweka kidevu juu ya mkono wake, akafumba macho."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo." Titri alitupa jiwe dogo alilolipata kwenye mchele. "Akasema, nikiwaambia nimeung'oa naye hakwenda, basi sijawahi kufunga kitu. Baba yangu naye hakuwahi. Babu yangu. Kuku wote wale. Acha niwe mimi niliyewatoa kwao." Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Nikamwambia, sawa, lakini huu msumari ni mzuri, usiutupe."

Nimelifikiria hilo mara nyingi, hasa alfajiri, wakati ambapo barabarani hakuna gari na masikio bado yanasubiri. Nadhani wengi wanajua. Dhansai anajua, maana ameuona huo msumari kwa macho yake, na bado kila wakikutana anamwita wewe uliyetufukuza, na Lamtu anainamisha kichwa kama mtu anayepewa anachostahili. Ofisi haina uso. Huwezi kuitukana asubuhi, huwezi kuinyima kuku, haiinamishi kichwa ikaona aibu. Lamtu tunaweza kumtukana, ni wetu. Kufukuzwa na mlevi wako mwenyewe aliyefanya kazi yake kwa ustadi wa kupita kiasi ni jambo la nyumbani, linabebeka. Tulihitaji kosa lake pengine kuliko alivyolihitaji yeye.

Kuku tunaendelea kumpa, wadogo. Awasthi alipandishwa cheo akahamia mjini, na tumbo lake, Komal anasema, limepoa. Lamtu alijaribu kuyatukana malori alfajiri, lakini yalimpigia honi, akaacha.

Anaishi nyumba ya mwisho kabla ya kituo cha mafuta. Msumari umegongwa kwenye ukuta wa nyuma, na Titri ameufungia kamba ya kuanikia nguo.